Pigo la Tano

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na mtu mwingine asingelisikia. Gari la Mwalimu liliingia gereji Jumatatu asubuhi, likasimama chini ya bati, na kabla Mwalimu hajazima, Fundi Sikio alikuwa ameshainua kidole kumwambia angoje. Injini ya gari lile ina pistoni nne. Fundi akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kisha likaja pigo jingine, dogo, limechelewa kidogo, kama mtu wa tano anayewafuata wanne njiani na hataki wamwone.

"Silensa haitulii," Mwalimu akasema. Silensa ndivyo wanavyouita ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama. "Inapanda, inashuka. Nikisimama mahali linatetemeka kama lina homa, mara linazimika. Marehemu mjomba aliliacha bandani miaka kumi na minane, na wala hakuwahi kutuambia kwa nini."

"Plagi tu hizo," Fundi akasema. "Rudi jioni."

Maneno hayo aliyajutia wiki nzima.

Jina la Sikio hakupewa kwa utani. Aliweza kulala chali sebuleni, mlango umefungwa, akakuambia kuwa gari lililopita barabarani lina beringi ya nyuma inayokaribia kufa. Mafundi wa siku hizi wana mashine. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mmoja waliyemwita Kompyuta, ambaye kazi yake ni kuchomeka waya chini ya usukani na kungoja kioo kimwambie ugonjwa. Magari mapya yote yalishahamia kwake. Fundi Sikio alibakiwa na magari ya kale, yasiyo na pa kuchomeka waya, na sikio lake la kulia. Sikio hilo lilikuwa limelisha nyumba na kusomesha watoto wanne hadi wakatawanyika kwenye makazi yao, na mwenyewe alijua kwamba siku litakapomwangusha atabaki mzee mwenye spana, basi.

Kazi aliifanya hivi. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini kwenye tundu la sikio, akafumba macho, akauliza, "Haya, sema. Unataka nini?" Injini zikamjibu kwa lugha yao: valvu inayogonga ilitaka nafasi, gasketi inayovuja hewa ilipiga mluzi mwembamba. Miaka thelathini na mitano hakuna injini aliyoigusa bila kuiuliza swali lile. Hata mkewe alishaambukizwa. Sufuria likichelewa kuchemka aliligonga ubavuni akaliuliza linataka nini.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ya miguu ilikaa kibarazani, upande wa pili wa ukuta wa gereji, akishona kutoka asubuhi mpaka jua lipungue. Majirani walimwita kwa majina ya watoto wake, lakini mumewe alimwita Roho, tangu siku za uchumba, na hapakuwa na mwingine duniani aliyemwita hivyo. Jambo la kuchekesha ni kwamba Fundi, aliyesikia kila kitu, cherehani ile alikuwa haisikii. Si kwamba ilikuwa kimya. Ilikuwa imepiga nyuma ya ukuta ule miaka thelathini, tak-tak-tak-tak, mpaka sikio likaacha kuihesabu.

Na wiki hiyo cherehani haikupumzika. Binti wa Mwalimu alikuwa anaolewa Jumamosi. Gauni lake lilikuwa kwa Roho, na gari la kumpeleka lilikuwa kwa Fundi.

Jumatatu Fundi alibadilisha plagi zote nne, nyaya zake, na koili. Alisugua platini, vile vibati vinavyokata na kurudisha umeme wa plagi, ndani ya disibyuta mpaka zikang'aa. Akawasha. Moja, mbili, tatu, nne. Na lile jingine.

Jumanne alishusha kabureta, akaifumua juu ya meza, akaiosha kwa petroli kipande kwa kipande, akapuliza kila kitundu kwa mdomo mpaka midomo ikafa ganzi. Akairudisha, akafungua skrubu ya hewa mzunguko mmoja na nusu kama inavyotakiwa, akawasha. Lile jingine likaja mapema zaidi, kana kwamba limefurahi kuogeshwa. Akairusha bisibisi ikagonga bati.

"Baba, polepole," Roho alisema dirishani, pini mdomoni. "Hiyo injini haikuoni."

"Inaniona, Roho. Inaniona vizuri sana, ndiyo maana inanifanyia hivi."

Jumatano alipima nafasi ya valvu zote nane. Alinyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo kutafuta hewa inayovuja, na hakuona hata povu moja. Kompyuta alivuka barabara, akasimama mikono nyuma, njiti ya kiberiti mdomoni.

"Mzee, limekushinda? Nikuletee mashine yangu nichomeke waya."

"Utauchomekea wapi, kwenye kisahani cha majivu ya sigara?"

Kompyuta alicheka akaondoka. Fundi hakucheka. Alibaki na hasira ya mtu aliyefanya kila kilicho sahihi na bado amekosea, na hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote, kwa sababu haina wa kumpiga. Akaamua kufanya kipimo cha mwisho, ambacho hata mwanafunzi wa wiki moja anakijua. Ukichomoa waya wa plagi nzima, injini inalalamika. Ukichomoa wa plagi iliyokufa, haijali. Kwa hiyo aliwasha, akachomoa wa kwanza: injini ikalalamika. Akaurudisha. Wa pili, wa tatu, wa nne, kila mara ikalalamika. Wagonjwa wote walikuwa wazima.

"Basi ni nani anayekohoa?" akauliza kwa sauti.

Akachomoa nyaya zote nne kwa pamoja. Injini ikafa, kama ilivyopaswa. Feni ikazunguka mara mbili, ikasimama. Fundi akaiangalia ile feni iliyosimama tuli, panga zake zimetulia, mkanda umetulia, hakuna chuma chochote kinachokwenda, na kutoka ndani ya injini akalisikia pigo.

Tu.

Akangoja. Ikapita pumzi moja.

Tu.

Harufu ikampanda puani, na haikuwa ya petroli wala oili. Ilikuwa ya marashi, marashi ya kizamani yaliyokaa sandukuni mpaka yakachacha. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini na pigo likakoma hapo hapo, kama mtoto aliyejificha anavyoacha kucheka mlango ukifunguliwa. Fundi alijiambia kuwa ni chuma kinachopoa. Chuma kikipoa hulia, kila fundi anajua. Alifunga boneti akaenda kunawa mikono, akanawa mara tatu.

Alhamisi asubuhi gari lilikuwa na joto. Alikuwa amelala na ufunguo mfukoni, na boneti ilikuwa na joto la gari lililotoka safari sasa hivi. Alishinda asubuhi nzima akifungua alichokifunga na kufunga alichokifungua, hadi saa sita mchana, jua limesimama wima juu ya bati, Kompyuta ameshusha mlango wa bati wa duka lake, barabara haina hata mbwa. Mwalimu alikuwa ametoka kupiga simu kwa mara ya nne. "Kesho mchana nalifuata, Fundi, likiwa zima au likiwa bovu. Bovu nitalivusha barabara." Fundi alijua kuvusha barabara maana yake nini.

Aliwasha. Moja, mbili, tatu, nne, na lile. Aliokota bisibisi, akaibana ncha juu ya injini kwa nguvu zilizozidi, akaweka mpini sikioni, na kwa hasira zote za siku nne akasema kwa meno yaliyoumana, "Haya sema basi! Sema! Unataka nini?"

Kwanza kulikuwa na mapigo tu. Halafu mapigo yale manne yakaanza kusogea pembeni, moja moja, kama watu wanaompisha mkubwa apite, mpaka likabaki la tano peke yake, na nyuma ya la tano palikuwa na pumzi, ndefu, yenye unyevu, pumzi ya mtu aliyelala kifudifudi mahali pembamba muda mrefu, na mpini wa bisibisi ukaanza kupata joto kwenye ngozi ya sikio, na ile harufu ya marashi ikajaa mpaka akaionja ulimini, na sauti, ambayo haikuwa ya kiume wala ya kike, sauti ya mtu anayeongea huku ana kitu mdomoni, ikasema taratibu,

"Sikio."

Mtu akiitwa jina lake huitika. Hilo halihitaji akili. Fundi Sikio akageuza shingo kuangalia nani amesimama nyuma yake, na mdomo ukaitika wenyewe.

"Naam!"

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Kitu baridi kikapita sikioni mwake, chembamba, kama tone la maji linapoingia unapooga. Na injini ikatulia. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. Alihesabu dakika nzima. Akaweka glasi ya maji juu ya injini inayonguruma na maji hayakutikisika.

"Roho!" akapiga kelele. "Roho, njoo uone! Limetulia!"

Akaja na futi shingoni, akaiona ile glasi, akapiga kigelegele kifupi. Fundi akavuka barabara mwenyewe, akagonga mlango wa bati wa Kompyuta mpaka ukafunguliwa, akamwambia aje asikilize silensa ya watu wazima. Siku hiyo alikula kwa furaha. Alikuwa katikati ya kula, jua bado liko dirishani, alipoona kuwa mdomo wa mkewe unacheza na maneno hayafiki.

"Umesemaje?"

"Nimesema chai inapoa. Mara ya tatu hii."

Aligeuza kichwa, akasikia kwa kushoto. Akaliziba la kushoto kwa kidole. Kwa kulia hakukuwa na mkewe, wala sahani, wala barabara. Kulikuwa na injini, mbali, ndani, ikiunguruma polepole. Moja, mbili, tatu, nne. Na lile jingine.

Ijumaa asubuhi kabla ya chai alikuja mteja na pikipiki inayogonga valvu kidogo. Fundi, kwa mazoea, aliweka bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio la kulia. Pikipiki ilikuwa na pistoni moja na, ukiacha valvu, ilikuwa inapiga pigo lake moja sawasawa. Baada ya kuiinamia ikaanza kupiga mbili. Mteja akauliza, "Mzee, umeifanya nini?" Mteja aliikokota mwenyewe hadi ng'ambo. Muda si muda dada yake Fundi alipiga simu, naye akaiweka simu sikio lile lile. Hakusikia kitu, na alipoihamishia kushoto alimkuta dada analalamika, "Zima gari basi tuongee! Na huyo unayemchekesha humo ndani ni nani?"

Akaiweka simu chini. Alikuwa amekasirika kuliko alivyoogopa, maana sikio ni lake, alizaliwa nalo.

"Roho," akaita kwa sauti ya chini. "Njoo. Usiniulize kitu. Weka sikio lako hapa."

Mkewe akaegemeza kichwa chake kwenye kichwa cha mumewe, sikio kwa sikio. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akajitoa taratibu sana, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Kuna gari," akanong'ona.

"Najua."

"Baba, kuna mtu ndani ya gari."

Hawakubishana. Roho alikuwa na shangazi yake, mzee, aliyekuwa akiwatibu watu wenye mambo ya namna hiyo, na watu walimwita Bibi Kimya kwa sababu alikuwa kiziwi wa masikio yote mawili, akisoma midomo. Alifika kabla ya saa sita, amevaa viatu vya mpira, na pochi mkononi kama anayekwenda benki. Akamkalisha Fundi juu ya ndoo iliyopinduliwa pembeni ya gari, akamtazama sikio kwa tochi ya simu.

"Nieleze polepole, midomo niione. Uliitwa, au uliuliza?"

"Niliuliza. Kila injini naiuliza. Nilisema, unataka nini. Kikasema Sikio. Nikadhani naitwa."

Bibi Kimya akafumba macho kidogo.

"Hukuitwa, mwanangu. Ulijibiwa. Ulimwuliza anataka nini, akakutajia, nawe ukaitika. Kwa hawa, kuitika ni kutoa. Hujui kwamba jini haulizwi anataka nini? Jini anaambiwa unachotaka wewe, basi. Mimi niliuliza nikiwa na miaka ishirini." Akagusa masikio yake, moja halafu la pili. "Niliuliza mara mbili."

"Mtoe," Fundi akasema.

"Nitamtoa. Ila sikio ni lake sasa, ataondoka nalo. Ngozi itabaki, kusikia hakutabaki. Ukitaka libaki, abaki naye."

Fundi akaangalia mikono yake yenye oili isiyotoka tena. Akafikiri juu ya lile la kushoto, lisilowahi kumwambia chochote cha maana kuhusu injini. Akafikiri juu ya Kompyuta. Machozi yakamjia, ya hasira, akayaacha.

Roho ndiye aliyesema, kutoka mlangoni. "Nimezoea mume anayesikia hata nikiwaza. Nitamzoea kiziwi. Shangazi, mtoe."

"Basi wewe toka," Bibi Kimya akamwambia. "Nenda upande wa pili wa ukuta ukae huko, usichungulie." Alipotoka, akamgeukia Fundi. "Sasa sikiliza hili. Huyu haingii penye kimya. Akitoka kwako atatafuta kitu kinachopiga, atakachokikuta cha kwanza ataingia. Kila kinachopiga mahali hapa kizimwe. Friji, feni, saa ya ukutani, redio. Gari litolewe betri. Iwe ni mioyo yetu tu, na mioyo ina wenyewe. Akikosa pa kuingia kwa muda wa kuhesabu mia, anapotea."

Fundi akapiga kelele kwa mkewe, "Roho, zima kila kitu! Kila kitu! Toa na betri za saa!" Akasikia swichi zikizimwa moja moja. Yeye akachomoa betri ya gari, akaiweka chini. Akatega sikio la kushoto, akalitega kwa makini yote aliyobakiwa nayo. Friji kimya. Feni kimya. Saa kimya.

"Kimya?" Bibi Kimya akauliza, macho kwenye midomo yake. "Mimi sisikii, nakutegemea wewe. Hakuna kinachopiga?"

"Hakuna," akasema Fundi Sikio.

Na alisema kweli, kadiri alivyoweza kuijua. Nyuma ya ukuta Roho alikuwa amezima kila chenye swichi, akasimama katikati ya chumba akikunjakunja vidole, na mtu mwenye hofu hutafuta cha kushika. Gauni lilitakiwa kesho. Cherehani haina swichi. Akatoka kibarazani, akakaa, akaweka miguu kwenye pedali.

Bibi Kimya akachukua faneli ya oili mezani, akaipangusa kwa kanga yake, akaweka mdomo wake mwembamba kwenye tundu la sikio la Fundi na mdomo mpana akauweka karibu na wake mwenyewe. Hakuimba wala hakuuliza. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayemtoa mpangaji, "Toka. Tunataka utoke. Toka. Tunataka utoke," bila kuchoka, bila kupandisha, na Fundi akahisi lile tone la baridi likianza kurudi njia liliyoingilia, likishika kuta za sikio kwa vitu kama kucha, likivuta nyuma yake kila sauti iliyowahi kupita pale, beringi na valvu na mvua juu ya bati na vilio vya watoto wake wanne siku walizozaliwa, vyote vikitoka kwa mpigo, na faneli ikatoka jasho la marashi, na ikalia mara moja, tu, kisha upande ule wa kichwa chake ukawa kama ukuta.

Bibi Kimya alihesabu mia kwa vidole. "Amekwenda," akasema. Akakunja mikono. "Mweleze na mkeo lile la kuuliza. Mwambie leo. Hiyo tabia ife kwenye nyumba hii."

"Nitamwambia."

Alitaka kumwambia. Lakini kabla Bibi Kimya hajafika kona, Mwalimu alishafika, na ilibidi betri irudishwe, gari liwashwe, Mwalimu asikilize, ashangae, akumbatie watu. Silensa ilikuwa nzuri mno. Fundi aliisikia kwa kushoto, bapa, haina kina, lakini nne ni nne. Akalisindikiza gari kwa macho mpaka likapotea. Akajisemea kuwa atamwambia Roho akimaliza gauni, asimtie hofu na sindano mkononi.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, akazunguka kwenda kibarazani. Roho alikuwa ameinama juu ya kitambaa cheupe, nywele zimemtoka kilembani, amekasirika kama yeye alivyokuwa wiki nzima.

"Njoo unisaidie, baba, nimechoka kabisa. Tangu mchana hii cherehani inaruka. Mishono minne sawa, halafu inaongeza mmoja wa kwake, mdogo, pembeni. Nimebadilisha sindano, nimebadilisha uzi, nimetia oili. Pindo zima nimelifumua mara mbili!"

Fundi alisimama ukingoni mwa kibaraza. Harufu ikamfikia kwanza. Akaangalia miguu ya mkewe, na miguu ilikuwa imekunjwa chini ya kiti, haikugusa pedali, na gurudumu la cherehani lilikuwa limesimama tuli, na sindano ilikuwa inapanda na kushuka, polepole, mara moja, na kupumzika, na mara moja, na ndipo akajua ni sauti gani ambayo hakuihesabu, sauti iliyompigia nyuma ya ukuta miaka thelathini, na akafungua mdomo amwambie asiseme, asiulize, ainuke atoke, lakini Roho alikuwa ameshakipiga kofi kile chuma ubavuni, kama alivyojifunza kwake.

"Haya, sema basi! Unataka nini, wewe?"

Sindano ikasimama.

Fundi hakusikia kitu. Cherehani ilikuwa upande wake wa kulia. Aliona tu uso wa mkewe ukilegea, hasira ikiutoka, akiinua kichwa na kumgeukia kwa tabasamu la mtu aliyeitwa kwa jina analoitwa na mmoja tu duniani.

"Abee?" Roho akaitika.

Yeye hakuwa amemwita.